Meza Namba Tatu

Raya Sadallah alikuwa na tabia moja ambayo kituo kizima cha polisi Moshi kiliijua: kesi ikimridhisha alikunywa chai, isipomridhisha alitembea. Jumatatu ile alikuwa ametembea tangu saa moja asubuhi, kutoka dirishani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka dirishani, mpaka konstebo wa zamu akaacha kunyanyuka kila anapompita. Chai yake ilipoa juu ya jalada, ikaota utando.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Alhamisi iliyopita, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika maabara ya umeme ya chuo cha uhandisi kilichoko nje kidogo ya mji, fundi wa maabara aitwaye Basili Temu alikuwa ameinama nyuma ya meza namba tatu akikaza nyaya za mota. Swichi ya meza hiyo alikuwa ameishusha mwenyewe. Mtu akaipandisha. Umeme wa volti mia nne ukampitia Basili mikononi na kumtupa ukutani, na mpaka Jumatatu hiyo alikuwa hajafumbua macho. Madaktari walishaanza kuzungumza na mkewe habari ya kuukata mkono wa kulia.

Daftari la mahudhurio lilionyesha kuwa meza namba tatu ilikuwa na wanafunzi wawili, Godlove Kessy na Violet Mlay, wote wa mwaka wa nne wa uhandisi wa umeme na kompyuta, wote wamebakiza wiki moja waingie kwenye mtihani wa mwisho. Godlove aliandika maelezo kwamba alitoka kwenda kutoa kopi ya karatasi ya zoezi, akamwacha Violet mezani. Violet alisema alikuwepo, swichi hakuigusa, na aliyeigusa hakumwona.

Kwa Afande Minja, Mkuu wa Upelelezi, hiyo ilikuwa kesi iliyokwisha kuiva. Binti alikamatwa asubuhi hiyo, na kesho yake saa tatu angesimama mahakamani kwa kosa la kujeruhi kwa uzembe. Basili akifa, kosa lingepanda na kuwa kuua bila kukusudia. Minja alimwambia Raya akamilishe makaratasi, aache kuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Raya alikubali kwa mdomo. Ila kuna jambo lililomwasha. Katika miaka kumi na minne ya upelelezi alikuwa amewasikia watuhumiwa wa kila namna, na wote walikuwa na mchezo mmoja, kujiweka mbali na mahali pa tukio kadiri uongo wao unavyofika. Huyu msichana alikuwa amejikalisha katikati ya tukio na hataki kunyanyuka.

Akaagiza aletwe tena. Violet aliingia akiwa na sweta la kijani na macho ya mtu ambaye hajalala, akaamkia, akakaa. Raya hakumuuliza tena kuhusu swichi. Alimpa karatasi na kalamu akamwomba amchoree maabara ilivyokuwa siku ile, kila meza na mahali pake. Binti alichora vizuri kupita kiasi, mistari iliyonyooka bila rula, meza sita, milango, madirisha, na meza namba tatu ukutani chini ya dirisha la mwisho. Alipokuwa akichora, Raya alitazama mikono yake.

"Hayo malengelenge umeyapata wapi?"

Violet alifunga kiganja. "Kazi za karakana, afande. Koleo na bisibisi."

Baba yake Raya alikuwa seremala maisha yake yote, na Raya alikua akiitazama mikono ya mafundi kabla hajajua kusoma. Bisibisi hula katikati ya kiganja, tena mkono mmoja. Malengelenge ya Violet yalikuwa yamepasuka chini ya vidole vyote, mikono yote miwili, sawasawa. Aliyeshika hivyo alishika mpini mrefu, kwa mikono miwili. Raya alikunja mchoro, akaubana kwenye daftari lake, akatoka.

Maabara ilikuwa imefungwa kwa utepe wa polisi tangu Alhamisi. Mwalimu Sophia, anayeisimamia, alifika na funguo akiwa na sura ya mtu aliyezeeka kwa siku nne. Raya aliufunua mchoro, akasimama katikati ya chumba, akaugeuza huku na huku. Haukukubali. Chini ya dirisha la mwisho hapakuwa na meza yoyote, palikuwa na transfoma kubwa ya mazoezi, mpya, bado ina karatasi ya nailoni. Meza namba tatu ilikuwa karibu na mlango, na damu ya Basili ilikuwa bado ukutani nyuma yake.

"Hapo dirishani ilikuwepo mpaka Jumatano," Sophia alieleza. Transfoma ilifika Jumatano jioni, wanafunzi wakiwa wameshaondoka, na mafundi wakalazimika kuzihamisha meza zote kuipa nafasi. Basili ndiye aliyekuwa akimalizia kuziunga upya Alhamisi asubuhi.

Kwa hiyo Violet alikuwa amechora chumba cha Jumatano. Chumba cha Alhamisi hakuwahi kukiona.

Raya alihisi miguu inataka kukimbia bila kujua wapi. Alimuuliza mwalimu swali ambalo lilimtesa tangu asubuhi: ni kitu gani kinaweza kumfanya mtu aseme alikuwa kwenye chumba cha balaa, hali hakuwemo?

Sophia aliurudisha mlango kwanza. Halafu akaeleza taratibu, kwa sauti ya chini, kana kwamba Basili yuko chumba cha pili amelala. Mwanafunzi akikosa mazoezi matatu ya maabara katika muhula haruhusiwi kuingia kwenye mtihani. Anarudia mwaka mzima, na wengi wakishaurudia hawaumalizi, wanadisko, yaani wanaondolewa chuoni, wanarudi nyumbani. Violet alishakosa mawili, moja kwa malaria, jingine kwa msiba wa babu yake. La Alhamisi lingekuwa la tatu.

"Na wanafunzi husainiana," Raya alisema.

"Husainiana." Sophia alitazama sakafu. "Alhamisi daftari lilikuwa na sahihi thelathini na moja. Mimi nilihesabu vichwa ishirini na saba, nikanyamaza. Siku zote tunanyamaza."

Raya aliandika hilo neno kwa neno, akamtaka asaini, na Sophia akasaini bila ubishi.

Sasa alikuwa na msichana ambaye hakuwepo na hajulikani alipokuwa, na saa ya ukutani ilikuwa inaelekea sita. Konstebo aliyefuatana naye alikuwa na jibu la haraka, kama kawaida yake: wanafunzi wa umeme hufanya vibarua Mabogini, kwenye mashine za kukoboa mpunga, kusuka nyaya na kuchimbia nguzo. Malengelenge yangetoka huko. Lilisikika kama jambo la maana, na Raya akashuka Mabogini, akakanyaga matope kutoka mashine hadi mashine. Msimamizi wa mwisho alimwambia kwamba wavulana huja, msichana hajawahi kumwona hata mmoja, na alisema hivyo kwa masikitiko. Saa moja na nusu ikawa imepotea. Raya aligeuza gari akijilaumu kwa sauti. Mtu anayetafutwa habari zake huanziwa nyumbani kwao, na hilo hata kuruta analijua.

Kwao Violet ni Marangu. Raya alipita Himo bila kusimama, akapanda, na kadiri barabara ilivyojikunja ndivyo hewa ilivyopoa na migomba ilivyosogea karibu. Mama yake Violet, Lukresia, alikuwa amekaa kibarazani kwenye kiti cha mbao, mgongo wima kama aliyefungiwa ubao. Raya alimpa shikamoo. Mama aliitikia, akaomba radhi kwa kutosimama, kwa kuwa mgongo ulimwangusha tangu mwezi wa tatu na hata kuokota kijiko hawezi. Akamwagiza jirani alete mtori, ile supu ya ndizi na nyama.

Raya alimuuliza ni lini mara ya mwisho alimwona binti yake.

"Pasaka," mama alijibu upesi. Upesi mno.

Raya alikunywa mtori wake, ambao ulikuwa mtamu, na macho yakawa yanazunguka kihambani, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Pembeni ya kahawa ulipita mfongo, ule mfereji wa asili unaoyashusha maji ya mlima shamba kwa shamba. Kingo zake zilikuwa zimekatwa upya, udongo mwekundu bado mbichi, majani yaliyong'olewa yamelundikwa juu yake yakianza kunyauka. Aliuliza nani ameusafisha. Mama akasema ni vijana tu, vijana wa hapa hapa. Alipoulizwa majina yao, alisema amesahau.

Mtunza mfongo, Mzee Thadeus, aliishi juu kidogo. Raya alimkuta ananoa panga, akamwamkia, na mzee akataka kwanza kujua yeye ni wa nani na kwao ni wapi, na aliposikia ni Moshi mjini akatikisa kichwa kwa huruma. Mambo ya mfongo ilibidi amweleze tangu mwanzo. Kila mwaka mvua zikiisha, hutangazwa siku moja ya kuusafisha. Kila nyumba hupimiwa kipande chake kwa fimbo yake Thadeus, na kila nyumba hutoa mtu. Kibarua haruhusiwi, hata ukimleta mwenye nguvu za punda. Lazima awe mtu wa nyumba ile, wa damu. Nyumba isiyotoa mtu, maji hayaingii kihambani kwao mpaka msimu mwingine, iwe ni nyumba ya mjane, iwe ni ya padri.

"Na mwaka huu siku yenyewe ilikuwa lini?"

"Alhamisi iliyopita."

"Nyumba ya Mama Lukresia alikuja nani?"

"Binti yake. Nani mwingine? Ndiye mtoto pekee." Mzee aliweka panga chini. "Alifika saa kumi na mbili asubuhi, akatoka saa saba mchana. Alikata ukingo kuliko wanaume, nikamwambia hivyo mbele za watu. Kwani amefanya nini, mama?"

Raya alimwambia kwamba hakufanya kitu, na hilo ndilo tatizo. Alichukua maelezo yake na ya majirani wawili waliokuwa vipande vya juu na chini ya Violet siku ile. Kisha akarudi kwa Mama Lukresia, akamsomea. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho, na machozi yakamshuka bila yeye kuinua mkono kuyafuta.

"Aliniambia nikisema alikuwa hapa, amepoteza mwaka," alisema. "Mimi ndiye niliyemwita. Nilimwambia maji yakikatwa kahawa itakufa."

"Asiposema alikuwa hapa, mama, kesho anapelekwa mahakamani."

Mama Lukresia akaomba kalamu.

Njia nzima ya kushuka Raya aliendesha vibaya. Furaha ya kujua hakuipata, alipata hasira, maana kama Violet hakuwepo, basi Godlove alijua kuwa hakuwepo. Alijua tangu dakika ya kwanza. Aliandika kwenye maelezo ya polisi kwamba amemwacha mezani mtu aliyekuwa kilomita arobaini kutoka hapo, ndani ya mfereji, ameshika jembe.

Alianzia kwenye duka la kopi mkabala na geti la chuo. Mwenye duka alimkumbuka Godlove vizuri. Alikuja Alhamisi, ndiyo, alitaka kopi moja, lakini alikuja baada ya kelele za maabara, na karatasi ilimwanguka mara mbili.

Kisha alimtafuta Rahim, kijana mpole wa meza namba nne, ambaye maelezo yake ya kwanza yalianzia kwenye kishindo cha Basili kutupwa ukutani kwa sababu hakuna aliyemuuliza kilichotangulia. Raya alimuuliza kilichotangulia. Rahim alisema kilikuwa cha kawaida tu. Katika maabara ile hakuna anayeruhusiwa kuwasha peke yake. Mmoja anashika swichi na kusema kwa sauti, Nawasha. Mwenzake anazunguka meza, anatazama nyuma, na akiona pako salama anajibu, Washa. Ndipo swichi hupanda. Alhamisi alisikia yote mawili, moja baada ya jingine.

"Sauti ya kwanza ilikuwa ya nani?"

"Ya Godlove."

"Na ya pili?"

Rahim alitazama kando, kama anayesikiliza kitu kilichopita siku nne nyuma. "Nayo ilikuwa ya kiume," alisema polepole. "Sikufikiria, afande. Ukishasikia Washa, husikilizi ni ya nani."

Godlove alikuwa maktaba. Alikuwa amejizungushia vitabu vya mitambo ya umeme na vya programu za kompyuta, na ukurasa uliokuwa wazi mbele yake ulikuwa ni wa faharasa. Raya hakukaa. Alimwambia waende nje, na nyuma ya jengo, kwenye kivuli cha matanki ya maji, akamuuliza Alhamisi alisaini mara ngapi.

"Mara moja, afande."

"Violet alikuwa Marangu. Nina mashahidi watatu na mama yake. Nitakuuliza tena."

Godlove aliegemea tanki. Alikuwa kijana mrefu, na alionekana kupungua kimo hapo hapo. "Mara mbili."

"Umeme uliuwasha wewe?"

Alitikisa kichwa kukubali.

"Ulisema Nawasha. Nani akajibu?"

"Mimi."

"Ulizunguka kutazama nyuma?"

"Hapana," alisema. "Nyuma huwa anatazama yeye."

Mengine yalitoka bila kuulizwa. Hakujua Basili yuko pale, aliona swichi iko chini akadhani meza haijaanza kutumika. Angewasha bila jibu, Rahim na wenzake wangegeuka kumtazama, wangeona yuko peke yake, na sahihi ya Violet ingejulikana ni ya uongo. Ndiyo maana alijijibu. Raya alimuuliza kwa nini basi amsukumizie rafiki yake mwenyewe, rafiki wa miaka minne, na Godlove akajibu akitazama viatu vyake. "Nilijua hawezi kukana. Akikana anarudia mwaka." Raya alitamani kumzaba kofi, na alilitamani kwa dhati. Badala yake alimfunga pingu, akamsomea haki zake, na konstebo akamwongoza hadi garini.

Saa kumi na moja na nusu jioni Raya alikuwa tena kwenye chumba kile alimochorewa maabara. Minja alikuwa ameshasoma maelezo yote, akaguna, akafuta jina moja na kuandika jingine, na kwa Minja huko ndiko kuomba radhi. Kilichobaki ni maelezo mapya ya Violet. Bila hayo, wakili yeyote wa Godlove angesimama na kuuliza inakuwaje mtuhumiwa wa kwanza amekiri mwenyewe kuwa alikuwepo.

Raya alimwekea mezani alichokipata, kipande kwa kipande, na hakumficha gharama yake. Akisaini kwamba hakuwepo, anatoka leo. Nakala itakwenda chuoni, kwa sababu ni lazima iende. Litakuwa zoezi la tatu.

"Najua, afande." Violet alikuwa akisugua malengelenge yake kwa kidole gumba. "Mama amesemaje?"

"Amesaini."

Violet aliitikia kwa kichwa. Kisha akaanza kueleza bila kusukumwa: simu aliyompigia Godlove Jumatano usiku, jinsi alivyombembeleza amsainie, jinsi Godlove alivyokataa mara mbili na kukubali ya tatu. Raya aliandika haraka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa amekaa kwenye kiti, na alijiona kama mtu anayekaribia kufika.

Maelezo yalipofika kwenye tukio lenyewe, Raya alimweleza Violet kile alichokisema Rahim, na kile alichokisema Godlove nyuma ya matanki. Alikieleza kama sehemu ya makaratasi tu. Alikuwa ameshageuza ukurasa alipogundua kwamba binti hasikilizi tena.

"Alijijibu mwenyewe?" Violet aliuliza.

"Ndiyo."

"Mimi ndiye ninayetazama nyuma. Tangu mwaka wa pili. Yeye anashika swichi, mimi nazunguka."

"Hilo si kosa lako kisheria."

Raya alimsogezea karatasi na kalamu. Binti aliisoma yote, akairudia yote, kwa uangalifu ule ule aliochorea meza, na kalamu ikabaki hewani juu ya mstari wa mwisho.

"Kuna sentensi haimo," alisema. "Andika kwamba Alhamisi mtu wa kutazama nyuma ya meza namba tatu alikuwa mimi."

Raya alimweleza kwa upole kwamba mahakama haiihitaji sentensi hiyo. Alimweleza pia kwamba kamati ya chuo, ikiisoma, inaweza kuacha habari ya kurudia mwaka na kumfukuza kabisa, na kwamba yeye Raya, kama angekuwa dada yake, angemkataza.

"Mzee Basili anatufundisha tangu hatujui kushika tesa ya kupimia umeme," Violet alisema. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini sauti haikutikisika. "Iandike, afande."

Raya alimtazama, akaichukua karatasi, na kwa mwandiko wake mzito wa kipolisi akaiandika.